Aliyepotea Kibuye

Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi hata maneno yake yamejipanga yenyewe mdomoni, kwa hiyo naianza vilevile nilivyozoea kuianza.

Desemba 1984, mwaka wa mahindi ya njano. Wakenya wa rika langu hawahitaji kuelezwa zaidi. Mvua zilikuwa zimekosa, serikali ikaagiza mahindi kutoka ng'ambo, tukala ugali wa manjano ambao hadi leo kuna watu ukiwatajia wanakunja uso. Shule zilipofungwa tulipanda treni ya usiku hapa Nakuru, kukapambazuka tukiwa kwenye miwa ya Muhoroni na Chemelil, asubuhi tukawa Kisumu kwa nyanya, mtaa wa Kaloleni. Jumapili nyanya akampa kaka kikapu na pesa za omena, wale dagaa wa ziwani, akamwambia: mshike huyu mkono, usimwachilie hata ukiitwa na nani.

Kaka alikuwa na miaka 11. Soko la Kibuye siku ya Jumapili halina pa kuweka mguu, na katikati ya msongamano ule tukakuta watu wamemzunguka muuza dawa za miti shamba, nyoka kamlaza shingoni. Kaka akataka kuona. Nilihisi vidole vyake vikilegea, kimoja kimoja, kisha mkono wangu ukawa peke yake. Baada ya hapo nilichokiona ni miguu. Akala, ndara, miguu mitupu yenye vumbi, pindo za leso. Nililia, nikachoka kulia. Mama mmoja muuza omena, beseni lake la buluu, gorogoro yake ya kupimia imebonyea upande mmoja, akaniambia, "Nyathina, bed piny." Sikujua Dholuo, lakini mkono wake ulikuwa unapigapiga gunia lililokunjwa kando yake, nikaelewa, nikakaa. Akanipa nyoyo kwenye kifuniko cha sufuria, maharagwe na mahindi yale yale ya njano, nikala yote. Wateja walikuja, wakaenda. Kila alipompimia mtu aliijaza gorogoro hadi ikafanya kilima, kisha akaongeza konzi moja ya nyongeza ndani ya mfuko. Jua likageuka, kibaridi kikaanza, akavua leso yake moja akanifunika. Ilinuka moshi na samaki.

Hapo picha inakatika. Kuchukuliwa sikumbuki. Kurudi nyumbani sikumbuki. Nilikuwa na miaka mitano.

Kwa muda mrefu, mtu akitaka kunijua nilimpeleka kwanza kwenye lile gunia. Wanangu walipokuwa wadogo sikuwapeleka sokoni kabla ya kufunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono wa mtoto na ncha ya pili kwenye mkono wangu. Watu waliangalia, sikujali. Mambo yangu nayafanya mwenyewe. Nikialikwa mahali, nakaa karibu na mlango. Yote haya niliyaeleza kwa sentensi moja: mimi ni mtu niliyeachwa sokoni. Sentensi hiyo ilinitosha. Mume wangu aliijua kabla hajajua jina la kijiji chetu.

Dholuo nilianza kujifunza nikiwa shule ya upili, kwa wasichana wa bwenini, na nia yangu ilikuwa moja: nikutane na yule mama wa omena siku moja nimshukuru kwa lugha yake. Sikumpata. Lugha nikaipata, na leo ni mwaka wa 19 mimi ni mkalimani mahakamani hapa Nakuru. Shahidi anasema Dholuo, natoa Kiswahili. Wakili anauliza Kiingereza, natoa Dholuo. Karo za watoto, kodi ya nyumba, mchango wa chama, vyote nilivihesabu kuwa vimetoka kwenye beseni lile la buluu.

Na kaka. Hapa ndipo moyo unaponiuma. Yeye aliishia Kisumu, ni fundi wa injini za boti pale Dunga. Kila mwaka Agosti ilipokaribia alipiga simu: "Niletee watoto waone ziwa." Kila mwaka nilikuwa na sababu. Mmoja anakohoa. Mwingine ana masomo ya ziada. Nauli imepanda. Sababu yenyewe sikuitamka, lakini aliijua, kwa maana hadithi ya Kibuye niliisimulia mbele yake kwenye kila harusi na kila Idd, na watu wakacheka pale penye nyoka, naye akatazama chini. Idd moja mwanangu mkubwa alimuuliza mbele ya wageni, "Mjomba, ni kweli ulimwacha mama sokoni?" Akajibu, "Ni kweli." Akaendelea kumenya chungwa.

Mama alifariki Februari 2024, Kaloleni, alikorudi baada ya baba kustaafu reli. Usiku wa tatu wa matanga tulikuwa wanawake watupu sebuleni, tumechoka, tumelala kwenye mikeka, na mtu akaniomba nisimulie kitu cha kututoa machozi kidogo. Nikasimulia Kibuye. Nilipofika kwenye leso, shangazi, dada yake baba, mwenye miaka 80 na ushei, akainuka kwa kiwiko.

"Mwanangu," akasema, "aliyepotea Kibuye si wewe. Wewe mwaka ule hukuja. Ulikuwa na surua, mama yako akabaki nawe Nakuru. Aliyepotea ni mwenzako."

Tulizaliwa watatu. Kati ya kaka na mimi alikuwapo msichana, amenitangulia mwaka mmoja na miezi. Jina lake silitaji hapa kwa sababu sasa lina mwenyewe: amepewa mjukuu wa kaka, naye bado mdogo, hajaulizwa kama anataka kuandikwa. Dada aliingia darasa la kwanza Januari 1985, mwaka uleule mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza, na Septemba hiyohiyo akafa kwa malaria, wiki chache baada ya kutoka likizo Kisumu. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kisumu, ukingoni mwa ziwa, ni mita 1,100 hivi. Mtoto aliyekulia huku juu kwenye baridi anashuka kule bila kinga waliyo nayo watoto wa kule, na homa ikimkamata inamkamata vibaya. Siku hizi tunaambiwa tulale ndani ya neti, na mtoto akipata joto baada ya safari ya ziwani apimwe siku hiyohiyo. Mwaka ule wazazi wangu walidhani ni mafua ya safari.

Baada ya hapo jina lake halikutajwa nyumbani. Halikukatazwa, halikutajwa tu. Mazishi yake siyakumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba kitanda chetu kilikuwa kimekuwa kipana, na mguu wangu ukitafuta ukuta usiku haukuufikia.

Nilibishana na shangazi. Nasema ukweli, nilibishana na mzee usiku wa matanga. Nilimwambia pole pole kwamba miaka ni mingi, watoto walikuwa wengi, mtu huchanganya. Kila siku naona mashahidi wakichanganya. Akalala tena, akajifunika, akasema, "Muulize kaka yako."

Kabla ya kumuuliza kaka niliuliza sanduku. Mama alikuwa na sanduku la bati alilokuja nalo kama bi harusi, na ndani yake karatasi zote za nyumba. Baba alikuwa gadi wa treni, na reli iliwapa wafanyakazi wake pasi za kusafiria na familia. Nikaikuta pasi ya Desemba 1984, Nakuru hadi Kisumu na kurudi, wino umekuwa rangi ya chai: mfanyakazi na watoto wawili. Mke hakuandikwa. Watoto wawili ni wawili gani, pasi haisemi. Lakini nyuma yake ilikuwa imebanwa kadi ya kliniki, yenye jina langu, neno surua, na tarehe za wiki ileile. Zilibanwa kwa pini moja. Ile pini ilikuwa imeshika kutu, na kutu ikachora mstari uleule mwekundu kwenye karatasi zote mbili, mahali palepale.

Nilikaa na zile karatasi mapajani hadi adhana ya adhuhuri. Mama hakuwa mtu wa kubana vitu ovyo. Alizibana pamoja kwa sababu alijua ipo siku nitazitafuta pamoja.

Kaka nilimpata nyuma ya nyumba anaosha masufuria ya matanga, kazi aliyoikataza isifanywe na mtu mwingine. Nikamwonyesha. Akafuta mikono, akazisoma kana kwamba hajawahi kuziona, na nadhani kweli hakuwahi kuziona.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

Akanieleza. Mara ya kwanza niliposimulia ilikuwa 1986, mwaka mmoja tangu dada azikwe. Mama alikuwa anachekecha unga jikoni, mimi nikaanza tu, bila kuulizwa: siku ile nilipopotea. Kaka alitaka kunikatiza. Mama akamnyamazisha kwa jicho. Usiku akamwita nje akamwambia, "Mwache aiseme. Akiisema namsikia mwenzake. Maneno ni yaleyale, hata pale anapovuta pumzi ni palepale." Kaka alikuwa na miaka 13. Alinyamaza siku ile kwa ajili ya mama. Kisha ukapita mwaka, ukapita mwingine, nikawa mtu mzima na hadithi imekuwa nguzo ya nyumba, na nani anang'oa nguzo watu wamo ndani?

"Lakini lawama, kaka. Nimekulaumu miaka 38."

"Lawama ilikuwa yangu. Mkono niliuachilia kweli." Akanyamaza kidogo, akageuza sufuria ikauke. "Yeye alinisamehe kesho yake, kwa kipande cha muwa. Wewe ndiwe hujanisamehe."

Sijawahi kusikia sentensi nzito kama hiyo, nami nimetafsiri hukumu za kifungo cha maisha.

Nilipoweza kusema tena nilimuuliza kuhusu harufu. Maneno naweza kuyasikia kwa mtu usiku kitandani, mara 20, mara 100, nikayashika. Harufu ya moshi na samaki inasimuliwaje? Kaka akanikumbusha kile ambacho sikuwa nimekijua. Ile leso ilirudi. Dada alifika nayo nyumbani amefunikwa, nyanya akaifua, akaipeleka Kibuye Jumapili iliyofuata kumtafuta mwenyewe asimpate, na dada akaja nayo Nakuru. Tulijifunika wote wawili miezi tisa. "Harufu ni yako," kaka akasema. "Hiyo hukuchukua kwa mtu."

Binti yangu anasoma chuo kikuu pale Njoro, na nilipomweleza haya alinitafutia mambo ya kusoma, akanikalisha na simu yake jioni nzima. Kulikuwa na utafiti uliochapishwa mwaka wa 2001, wa Mercedes Sheen na wenzake wawili. Waliwachukua jozi 20 za mapacha watu wazima, wakawapa maneno na kuwaomba waeleze tukio la maisha yao ambalo kila neno linawakumbusha. Katika jozi 14, ilitokea angalau mara moja kwamba pacha mmoja akisimulia mwenzake anasema: hilo halikukupata wewe, lilinipata mimi. Wote wawili wanaona picha. Wote wawili wanaapa. Baadaye watafiti wakalikuta jambo hilo hata kwa ndugu wa kawaida na marafiki waliokaribiana umri, ingawa si kwa wingi wa mapacha. Nilisoma sehemu hiyo mara tatu. Sijui ni faraja gani mtu anaipata kwa kujua kwamba kosa lake lina wenzake, lakini niliipata.

Maelezo yake si magumu. Kukumbuka jambo lenyewe ni kitu kimoja, kukumbuka lilikotoka ni kingine, na hilo la pili mara nyingi ndilo linalopotea upesi. Unabaki na maji bila kujua yalichotwa mto gani. Na kila unapokumbuka, unajenga upya kwa vipande vilivyopo, unaziba mapengo kwa ulichosikia, ulichonusa, unachohitaji. Mtoto wa miaka sita aliyelala miezi tisa chini ya leso ya mtu, akisimuliwa kila usiku na sauti inayotoka mto uleule wa kichwa, kisha sauti ikakatika ghafla na hakuna anayemwambia imekwenda wapi: yule mtoto aliziba pengo. Sidhani niliiba. Nadhani nilikataa kitanda kiwe kipana.

Utafiti mwingine ulinigusa kwa upande wa kazi. Mwaka wa 1974, Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi ya ajali ya magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na kasi gani. Kitenzi cha swali walikibadilisha: wengine waliulizwa magari yalipogongana, wengine yalipobamizana. Wa kitenzi kikali walitaja kasi kubwa zaidi. Wiki moja baadaye wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwamo kwenye filamu. Lakini kati ya watu 50 wa kitenzi kikali, 16 walisema waliviona. Kati ya 50 wa kitenzi cha kawaida, ni 7. Mimi ndiye ninayewachagulia watu vitenzi. Sisi wa Nakuru kesi za ajali hazituishii, Salgaa, penye ajali nyingi, ni hapo tu, na nimekwisha kusikia mashahidi wawili waliokaa kiti kimoja ndani ya matatu moja wakieleza ajali mbili. Zamani nilikuwa najiambia kimoyomoyo, mmoja wao ni mwongo. Siku hizi nikiinua mkono kuapishwa naomba Mungu anipe kitenzi kilekile cha shahidi, kisizidi, kisipungue.

Swali lililonikosesha usingizi ni jingine. Kama gunia lile halikuwa langu, mimi ni nani? Mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliandika mwaka wa 1694 kwamba mtu ni yuleyule kadiri fahamu yake inavyoweza kurudi nyuma hadi tendo lililopita. Kwa kipimo hicho, alasiri ile ya Kibuye mimi ni dada yangu. Nililifikiria hilo kwa dhati, na nikaona kuwa si kweli, ila pia si uongo mtupu. Mahakamani, ushahidi wa kuambiwa haupokelewi hivi hivi. Shahidi anatakiwa aseme alichokiona kwa macho yake. Maishani, karibu kila tulicho nacho cha mwanzo ni cha kuambiwa. Siku uliyozaliwa uliambiwa. Jina lako lilitoka kwa nani, uliambiwa. Kwamba ulikuwa mtoto mlizi, kwamba nyanya alikupenda zaidi, kwamba ulitembea mapema kuliko binamu zako: yote hayo watu walikubebea hadi ukawa na mikono ya kubeba. Ukikata vyote ulivyoambiwa unabaki na mguu unaotafuta ukuta usiku.

Na Dholuo haikunitoka. Nilisubiri kwa hofu, nikidhani asili yake ikiporomoka nayo itaporomoka, lakini Jumatatu niliporudi kazini mzee mmoja wa Nyakach alisimama kizimbani akaanza kusema, na maneno yakapita ndani yangu kama kawaida. Msichana wa miaka sita alikaribishwa kwa lugha asiyoijua. Mdogo wake akaenda shule akaijifunza kwa niaba yake. Sioni aibu kuitwa huyo mdogo wake.

John Mbiti, mwanateolojia wetu aliyefariki 2019, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayafanya mlango wa kueleza jinsi Waafrika wanavyouhesabu wakati. Aliandika mwaka wa 1969 kwamba mtu akifa haondoki mara moja kwenye sasa. Madamu yupo aliye hai aliyemjua na anayemkumbuka kwa jina, bado yumo. Akishaondoka wa mwisho aliyemjua, ndipo anapozama kwenye zamani. Mimi ni Mwislamu na kuhusu wafu nina imani yangu, lakini hapo Mbiti alikuwa amegusa nyumba yetu. Sisi jina tulilinyamazia, halafu siku moja ya maisha yake, Jumapili moja, tukaiweka hai miaka 38, harusi kwa harusi, kwa jina langu. Mama aliyajua yote mawili. Simlaumu. Nikimfikiria pale jikoni, chekeche limesimama mkononi, anasikiliza mtoto aliye hai akivuta pumzi palepale alipovuta aliyekufa, namwona mtu aliyefanya lililowezekana. Kaka ndiye aliyelipia, na hilo ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote katika habari hii: mvulana wa miaka 13 aliambiwa nyamaza kwa ajili ya mama yako, akanyamaza hadi mvi zikamtoka.

Julai sikungoja simu yake. Nikampigia. "Kaka, Agosti nakuja na kitinda mimba." Nyuma yake ilikuwa inanguruma injini. Akaizima kwanza. "Mlete," akasema.

Kitinda mimba ana miaka 15, hakuna wa kumshika mkono tena, lakini alimpenda mjomba wake kwa siku mbili kama amemjua siku zote, na nilipomwona anafundishwa kufungua plagi ya injini, mafuta hadi viwikoni, nilihesabu Agosti nilizowanyima wote wawili. Ni nyingi.

Jumapili tukaenda Kibuye, kaka na mimi tu. Soko limebadilika, hata njia tulizopita hazikuwa zile. Kaka alisimama mara mbili tatu, akageuka, akasema ni hapa, akasema hapana, pale. Mwishowe tukasimama karibu na akina mama wa omena. Mmoja alikuwa na gorogoro ya bati, nyingine zote za plastiki. Nikanunua kwake, nikamsalimu kwa Dholuo, akaongeza konzi ya nyongeza.

"Sehemu ya mwisho huijui," kaka akaniambia. "Huijui kwa sababu na yeye hakuijua. Alikuwa amelala."

Akanisimulia. Alizunguka soko mara tatu. Pesa za omena zilikuwa zimemwanguka wakati anakimbia, na nyumbani hakuthubutu kurudi. Katika mzunguko wa kwanza aliokota kiatu kimoja cha plastiki, akakitia kikapuni, na katika mzunguko wa tatu, watu wakiwa wameanza kupungua, akaona mguu mmoja hauna kiatu umetokeza chini ya leso. Akataka kumnyakua. Yule mama akaweka mkono wake mbele. Hakumjua, na mtoto wa watu hatolewi ovyo. Akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni amwite huyo mtoto jina. Kaka akaita. Dada hakuamka, ila aligeuza uso kuelekea sauti. Mama akaondoa mkono. Akamsaidia kumpandisha mgongoni, akamfunga kwa ile leso, akakiona kikapu kitupu, akachota gorogoro moja na konzi moja akamtilia, hakusema lolote kuhusu pesa.

"Njiani mikono yake ikaning'inia tu," kaka akasema, "nikaogopa ataanguka nyuma. Nikamwambia, nishike. Hakusikia, alikuwa usingizini. Kisha nikahisi mkono unapanda, ukaukamata ukosi wa shati langu hapa nyuma. Haukuachia. Tulipofika nikamkalisha kitandani kwa nyanya bado ameshika, shati linanikaba. Ilibidi nyanya amtoe vidole, kimoja kimoja."

Alikuwa amepeleka mkono kisogoni, ameshika ukosi.